Mayai Yaliyomkwama Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetukana. Kwa sauti, mbele ya wageni wenye tiketi mkononi. Na sijutii.

Nimetoka asubuhi kufuata panya wa chakula cha nyoka wetu kwa mfugaji. Narudi na boksi langu, nafungua chumba cha nyuma — Shangazi hayupo! Kizimba kitupu. Taa ya joto hakuna, imeng'olewa hata na waya wake. Nikadhani kafa, au kaibiwa, au yuko chini ya kitanda cha jirani.

Kumbe yuko ukumbini! Kaka kamhamishia mbele, kwenye kile kizimba kikubwa cha kioo karibu na dirisha la tiketi. Kioo pande zote. Taa nyeupe juu. Chatu jike mwenye mimba, siku zimekaribia, kishajivua ngozi ya kabla ya kutaga — anawekwa dirishani kama keki.

Nikamuuliza Kaka, sanduku lake la kutagia liko wapi? Lile nililolijaza majani laini yenye unyevu, ambalo kashalizoea, anaingia na kutoka kama kwake.

Anasema kalitoa. Eti likiwepo watu wataona nini, ubao?

Ukutani kuna bango jipya. NJOO UONE CHATU AKITAGA — LAIVU!

Nikamwambia nyoka hatagi mbele za watu. Anataka giza, joto, unyevu, na ajione yuko peke yake. Asipovipata anazuia. Akizuia, mayai yanakwama. Yakikwama, anakufa. Nimemweleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

Akawageukia wageni, akacheka. "Jamani, si wahenga walisema mficha uchi hazai?"

Wote wakaangua kicheko. Hapo ndipo nilipotukana.

Jioni Mama kaniita kwake. Kashasikia. Kaka ni mkubwa, anasema, na mkubwa hatukanwi hadharani. Nikamuuliza, na akiwa mjinga? Akasema mkubwa akiwa mjinga anaambiwa chumbani.

Nilimwambia chumbani wiki iliyopita, Mama. Na wiki ya kabla yake.


Jumatano, 6 Machi

Shangazi hatulii. Anazunguka kona hadi kona, anasukuma pua kwenye kioo akitafuta pa kupenya. Ncha ya pua imeshachubuka, pana damu kidogo. Watu wanaona anacheza. "Tazama anavyotusalimia!" Mwanamume mmoja kagonga kioo kwa pete, ko ko ko, kama anapiga hodi kwa hawara.

Nimefunika upande mmoja kwa shuka. Kaka kaitoa. Nimeirudisha. Wifi, mke wa Kaka, kaitoa — kwa aibu kidogo, lakini kaitoa. Anasema kwenye simu haonekani vizuri.

Hivi huyu nyoka ni wa nani? Marehemu Baba ndiye aliyelitunza yai lake mpaka akaanguliwa. Ndiye aliyempa jina. Alisema alipochomoza kichwa kwenye yai alituangalia mmoja mmoja kama shangazi aliyekuja kukagua usafi wa nyumba. Mimi nilikuwepo. Kaka naye alikuwepo! Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa yuko kwenye kile kiti chake cha ofisini, na beji kifuani: MKURUGENZI. Mkurugenzi wa watu watatu — yeye, mimi na mkewe.

Tangu leo namwita Mkurugenzi. Hata nikimwita kwenye chakula namwita hivyo.


Ijumaa, 8 Machi

Katikati ya mchana kaanza kutaga. Ukumbi umejaa hadi mlangoni.

Mkurugenzi na kipaza sauti! "Ndugu zangu, hilo la kwanza! Hilo la pili, makofi tafadhali!" Wifi kasimama juu ya kiti na simu. Watu wanasukumana, watoto wamebebwa mabegani. Na Shangazi pale katikati, hana hata jani la kujificha, mwili wote unajikaza na kuachia. Nilisimama mbele ya kioo, nimeipa mgongo dunia nzima, nikatandaza kanga yangu. Watu wakanizomea. Mimi! Nyumbani kwangu!

Halafu mtu kaangusha kiti. Mlio kama bunduki. Shangazi akashtuka, akainua kichwa, na ikawa basi. Hakuendelea.

Mkurugenzi akatangaza kamaliza.

Hajamaliza! Chatu akimaliza anajizungusha juu ya mayai yake, anayakumbatia, ukimsogelea anakuonya. Huyu kayaacha sakafuni kama hayamhusu. Akarudi kuzunguka kona. Na nyuma, theluthi ya mwisho ya mwili, uvimbe unaonekana wazi, umepangana kama viazi ndani ya soksi. Nikamwonyesha Kaka. Akasema hayo ni mafuta.

Mafuta!

Sikubishana. Nilifungua kizimba mbele ya wote, nikambeba, nikampeleka chumba cha nyuma. Mzito, na baridi kuliko inavyotakiwa. Nimemrudishia sanduku lake. Nimefunika kila kitu. Mkurugenzi kachukua mayai yaliyotoka, kayaweka kwenye mashine ya kuangulia, anajipongeza.

 


Jumamosi, 9 Machi

Hakuna yai. Nimemlaza kwenye maji ya uvuguvugu, kichwa nimekiegemeza mkononi mwangu. Alikunywa. Akapumzika. Nikadhani labda. Hakuna.

Nimempigia Daktari wa mifugo. Yuko mbali, wanachanja ng'ombe. Nikamweleza yote huku ng'ombe wanalia nyuma yake. Akauliza joto, akauliza unyevu, akauliza alihamishwa lini na kwa nini. Kwa nini! Nikasema ni uamuzi wa uongozi. Akaguna.

Maagizo: joto, giza, asisumbuliwe. Kama hakuna mabadiliko nimpeleke kliniki Jumatatu, atakuwa amerudi. Na jambo moja kalirudia. Usimminye. Hata ukiliona yai liko pale karibu kabisa, usimminye. Utampasua ndani.

Nimemwambia Kaka neno kwa neno. Kaitikia, "Sawa, sawa, sawa." Sawa tatu. Mtu akikupa sawa tatu hajasikia hata moja.


Jumapili, 10 Machi

Sijui nianzie wapi. Niko nje, nimekaa kwenye ngazi, kalamu inatoboa karatasi.

Taa ya joto aliyoing'oa Mkurugenzi niliirudisha huku, leo imeungua. Nikaenda mjini kutafuta nyingine. Kwenda na kurudi tu. Nimeingia na taa yangu — mlango wa chumba cha nyuma uko wazi. Ndani, Shangazi yuko juu ya meza. Wifi kashika kichwa, machozi yanamtiririka. Na Kaka, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni, vidole gumba viwili tumboni mwa nyoka, anasukuma. Anasukuma! Meno kayauma kama anayefungua chupa.

Nilisema, "Acha."

Akasema, "Linakuja, linakuja, ngoja —"

Lililokuja halikuwa yai. Kinyama chekundu kikachomoza chini ya mkia, kinang'aa, kimevimba.

Nilimsukuma. Kwa mikono miwili na nguvu zangu zote. Kaka yangu aliyenifundisha kuendesha baiskeli! Akaenda kuangukia ndoo ya maji, kakaa ndani yake. Siku nyingine ningecheka wiki nzima.

"Nilikuwa namsaidia!" anasema akiwa ndooni. "Mama alikuwa anawafanyia kuku hivi hivi!"

Nikamwambia mwangalie. Huyu ni kuku? Ana mbawa? Anawika?

Wifi ndiye aliyepiga simu, maana mimi sikuweza kushika kitu. Daktari akauliza kwanza, "Nani kamminya?" kabla hajaambiwa. Halafu akasema tukoroge sukari kwenye maji safi, nyingi, iwe nzito, tuloweshe kitambaa, tukiweke juu ya ile nyama. Isikauke. Sukari inavuta uvimbe. Mkurugenzi akauliza kama ni utani. Akainuka mwenyewe, suruali inachuruzika, akaenda jikoni, akarudi na sukari yote ya nyumba.

Imesaidia. Imepungua, kidogo kidogo imerudi ndani. Daktari kaacha ng'ombe, anarudi leo hii. Kesho asubuhi tuwe mlangoni.

Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio ni la Kaka, na anayekufa ni Shangazi. Hiyo methali nayo ina kasoro.


Jumatatu, 11 Machi

Kaka ndiye aliyeendesha. Nilitaka kukataa, lakini gari ni moja.

Alifunga vioo vyote ili Shangazi asipate baridi. Jua kali, sisi watatu ndani ya jiko. Jasho linamtoka hadi kwenye nyusi, hajifuti, mikono yote kwenye usukani, kila shimo anapita kama amebeba glasi. Na anaongea. Si na mimi. "Tunafika, Shangazi. Vumilia. Tunafika." Nilitazama nje. Sikutaka kumsikia akiwa mtu mwema. Leo sikutaka.

Eksirei: mayai manne. La mbele yao ni kubwa, na limekaa vibaya, limeziba njia kama lori lililokwama kwenye daraja.

Daktari hakutupa pole. Aliuliza tena, safari hii ana kwa ana: nani alimminya? Mimi nikaangalia ukuta. Basi Kaka akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi.

Daktari akamwambia angekuwa na ndevu za kutosha angemng'oa moja moja. Akanigeukia na mimi! Kwa nini nilisubiri Jumamosi nzima kwenye maji ya uvuguvugu, kwa nini sikumpigia Ijumaa ileile? Nikataka kujitetea. Nikamkasirikia naye pia, nafasi ilikuwepo.

Kwanza alitumia sindano. Alipitisha katikati ya magamba ya tumbo, akanyonya maji ya yai mpaka likanywea. Akasubiri. Likatoka, ganda tupu lililosinyaa. La pili likatoka hivyo hivyo. Mawili yaliyobaki yameganda kwenye mfuko wenyewe. Hayasogei. Akasema ni kisu.

Tulikaa kwenye benchi la nje, kati yetu nafasi ya mtu mzima. Mbwa mmoja mwenye kola ya plastiki alikuwa anatutazama kwa zamu. Kaka akasema, "Baba angeniua." Nikasema, "Ndiyo." Hayo tu.

Yu hai. Wameondoa mayai, na upande mmoja wa mfuko wa uzazi umeondolewa maana ulikuwa umechanika. Umechanika! Daktari alipolitamka neno lile, nilimwangalia Kaka. Kutaga tena, asahau. Sasa ni chumba chenye giza, joto, na utulivu. Asiguswe bila sababu. Asisafirishwe. Asionyeshwe kwa watu — Daktari alilisema hilo akimtazama Kaka machoni — mpaka ajivue ngozi tena na yeye mwenyewe aje kutoa nyuzi. Jeraha la nyoka linapona taratibu. Akijisugua kwenye kioo kwa hofu, nyuzi zitaachia.

Kurudi, Kaka kaegesha gari njiani, kaweka kichwa kwenye usukani, kalia. Kilio cha kweli, mabega yanapanda na kushuka. Nikamwonea huruma. Hilo nalo limenikasirisha.


Alhamisi, 14 Machi

Amekunywa maji. Ulimi unatoka vizuri. Mshono mkavu.

Mama kaja kututembelea. Kakaa jikoni, kamwita Kaka, kaniita mimi, katuweka meza moja. Ndugu wakigombana, kasema, jirani anafurahi. Kaka kaniomba msamaha. Kasema, "Nimekosa, dada yangu." Nimesema yameisha.

Hayajaisha, lakini yalikuwa yanaelekea kuisha. Hilo nakiri.


Jumatatu, 18 Machi

Bango jipya!!

Sikuamini. Nilidhani ni lile la zamani, nikapita, nikarudi kinyumenyume. MWONE CHATU ALIYEPONA OPERESHENI! UONE MSHONO KWA MACHO YAKO! Na picha — picha ya Shangazi akiwa kwenye meza ya Daktari, kalala chali, tumbo wazi. Nani alipiga? Lini? Huku analia kwenye usukani, alikuwa na picha mfukoni?

Wifi kasema ni yeye aliyeiomba kwa msaidizi wa kliniki, Kaka alimtuma baadaye. Kasema hivyo huku anafuta meza iliyo safi.

Nilimfuata ofisini. Alinisubiri, kajiandaa. Alishaongea na shule, wanafunzi wanakuja Jumatano, basi zima. Ni nusu saa tu. Atamfunika upande mmoja. Hatagonga mtu kioo.

Daktari alisemaje? nikamuuliza.

Daktari si mwenye nyumba hii, akasema. Halafu akaongea taratibu, bila kelele, na hapo ndipo palipouma zaidi. Bila wageni hakuna panya. Bila panya hakuna Shangazi, wala wale wengine wote mle ndani. Tangu video ya kutaga watu wamerudi. Baba alikufa akiwa na ukumbi mtupu, au nimesahau?

Sijasahau.

"Basi waonyeshe wengine," nikasema. "Wako wengi."

"Wengine hawana hadithi."

Nimefunga mlango wake kwa nguvu hadi kibao cha mlangoni cha MKURUGENZI kikaanguka. Kakitundika tena, nasikia anagongelea msumari. Hana jibu baya, ndilo linalonitafuna. Angekuwa na jibu baya ningelala.

Mama kwenye simu: nusu saa ni nini, mwanangu? Mtoto wa watu kasafiri, arudi na nini?

Arudi na picha ya kobe! Kobe yupo!


Jumanne, 19 Machi

Daktari kampigia Kaka mara kadhaa. Hapokei. Anasema simu haina chaji. Simu iko sikioni mwake anaposema hivyo.

Shangazi kaanza kufifia rangi, macho yanaingia ukungu. Labda ngozi inajiandaa. Katika hali hii nyoka haoni vizuri, kila kitu kwake ni kivuli na tishio. Hata mimi leo sikumgusa.

Nimemwambia Kaka. Sawa, sawa, sawa.


Jumatano, 20 Machi

Niko ndani ya chumba cha nyuma. Nimefunga kwa komeo, na kabati la panya nimelisukuma mlangoni. Naandikia magotini.

Alikuja asubuhi na glovu na sanduku la kubebea. Nilimtangulia kwa hatua chache tu. Aligonga kwa heshima kwanza. Sasa anagonga kwa kiganja.

Basi limefika. Nawasikia watoto ukumbini, wanaimba, "Shangazi! Shangazi!" Mtu kawafundisha. Sakafu inatetemeka hadi huku, na nyoka anasikia kwa mwili. Shangazi yuko ndani ya sanduku lake, kajikunja mshono uko chini, kaficha kichwa. Hatoki. Mimi pia sitoki.

"Fungua," anasema Kaka. "Unanidhalilisha."

Nimemuuliza ni nani anayedhalilishwa hapa. Yeye? Au huyu mwenye nyuzi?

"Nitavunja mlango."

"Vunja. Mlango ni wako, Mkurugenzi. Waache watoto waone na hilo."

Halafu sauti ya Wifi, ya chini, anamwambia aache. Nilisikia vizuri. Anasema, "Mume wangu, acha." Kaka kamfukuza aende akawahesabu watoto.

Mama yupo! Sikujua kama amekuja. Kaka kamwita, bila shaka. Namsikia anakuja koridoni, zile ndara zake. Nikajua sasa basi. Kaka naweza kumfungia. Mama sijawahi kumfungia mlango maishani mwangu. Akisema fungua, nitafungua, najijua.

Kaka anamweleza, haraka haraka, watoto wanangoja, mwalimu anauliza, huyu kachanganyikiwa, mwambie wewe.

Mama akauliza, "Huyo nyoka bado ana nyuzi?"

"Mama, kwa mbali hazionekani —"

"Si nimeona bango? Si umeandika waje wauone mshono?"



Mama kasogea mlangoni. Pumzi yake naisikia kwenye upenyo. Ananiita, "Mwanangu." Nikasema, "Abee, Mama." Nikaweka mkono kwenye komeo.

"Una maji humo ndani?"

Nikasema ninayo.

"Na huyo mwenzio?"

Nikasema naye anayo.

"Haya."

Sasa nasikia kiti kinaburutwa koridoni. Kimegota mlangoni, kabati limetikisika kidogo. Mtu kakalia, mbao zimelia. Watoto bado wanaimba. Kaka anamwomba ainuke. Anamwomba vizuri, "Mama, tafadhali, Mama," kama alivyokuwa anaomba zamani akitaka kwenda kucheza.

Nasikia Mama anavua ndara zake, moja, halafu ya pili.